Chasisi ya gari la mashindano lenye injini katikati, kwa vipuri vya Probox: mwongozo kamili

Vijana wengi wanaonijia na wazo la kujenga gari la mashindano huja wameshanunua mabomba. Yamelala uani, mita sita sita, na mwenyewe ana hamu ya kuwasha mashine ya kuchomelea jioni hiyohiyo. Huwa nawaomba wayafunike turubai wasubiri. Kwenye gari la namna hii bomba huchorwa mwisho. Anaanza dereva, yanafuata magurudumu manne, halafu injini, na chuma kinakuja kuwaunganisha wote hao kwa njia iliyo fupi. Ukigeuza mpangilio huo utaishia kumkunja dereva ili atoshee kwenye fremu, na fremu yenyewe itajaa mabomba mazito yasiyobeba chochote.

Ninayoeleza hapa ni chasisi ya mabomba kwa gari jepesi la autokrosi (mbio fupi za kuzunguka uwanja wa udongo) na mbio za kupanda mlima, injini ikiwa nyuma ya mgongo wa dereva na mbele ya ekseli ya nyuma. Si gari la kutembea barabarani. Kabla ya hatua yoyote, pata kanuni za daraja utakaloshindana na umwone mkaguzi wa mashindano. Kwa Tanzania pa kuanzia ni Automobile Association of Tanzania, kwa Kenya ni Kenya Motor Sports Federation. Mkaguzi akiona mchoro wako mapema, marekebisho yanafanyika kwa kifutio. Akiona gari lililokwisha, yanafanyika kwa grainda.

Kwa nini injini ikae katikati

Mfikirie mtu aliyebeba ndoo mbili za maji kwenye mzega, moja kila ncha. Mwambie ageuke ghafla: ndoo zinakawia kuanza kuzunguka, na zikishaanza zinakawia kusimama. Sasa mpe maji yaleyale ayakumbatie kifuani. Anageuka mara moja. Gari lenye injini mbele na tenki la mafuta kule nyuma ni mtu wa mzega. Ukiisogeza injini hadi karibu na dereva, uzito wote unakaa kifuani, na uzito unaoangukia magurudumu ya nyuma yanayosukuma unaongezeka. Ukitoka kona kwenye changarawe unauhisi msukumo huo mgongoni.

Lina hatari yake, na lazima uijue kabla hujalikalia. Gari linalogeuka upesi huzungusha mkia upesi vilevile. Ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, uzito unahamia mbele, matairi ya nyuma yanapungukiwa na mshiko, na mkia unakupita. Ndiyo maana chasisi ya gari hili haina ruhusa ya kulegea nyuma. Nitarudi hapo, kwa kuwa ndipo wengi tunapokosea.

Wazo lenyewe halikutoka kwenye viwanda vikubwa peke yake. Mwaka 1946 Charles Cooper na mwanawe John, katika gereji yao ya Surbiton, Uingereza, walichukua sehemu za mbele za magari mawili madogo ya Fiat Topolino, wakaziunganisha moja mbele na nyingine nyuma, wakaweka injini ya pikipiki ya JAP nyuma ya dereva na kuiunganisha na magurudumu kwa mnyororo. Miaka kumi na miwili baadaye, 1958, Stirling Moss alishinda mbio za Grand Prix za Argentina kwa gari la Cooper lenye injini nyuma ya dereva, na Jack Brabham akawa bingwa wa dunia kwa magari ya Cooper mwaka 1959 na 1960. Mbinu yao ya kuchukua sehemu ya mbele ya gari la kawaida na kuihamishia nyuma ndiyo tutakayoitumia.

Gari la kuchinja

Toyota Probox yenye injini ya 1NZ-FE na gia za mkono ndiyo chaguo langu la gari la kutolewa vipuri. Injini ni ya sentimita za ujazo 1,497, bloku ya aluminiamu, na toleo la kawaida linatoa nguvu farasi 105 hadi 110 hivi. IST nyingi zina injini hiyohiyo, kwa hiyo vipuri vyake havikupi shida kuanzia Ilala ya Dar es Salaam hadi Kirinyaga Road ya Nairobi, lakini IST ya kwanza ilikuja na gia za otomatiki tu. Probox ya mkono inakupa gia boksi, klachi, pedali na kebo za gia kwa pamoja.

Jambo la kuelewa kabla ya kufungua nati ya kwanza: katika gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, injini imelala kwa upana na imetangulia mbele ya draivushafti, zile shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu. Mfumo huo mzima, ukiwa umetazama mbele vilevile, ukiuhamishia nyuma, injini inajikuta mbele ya ekseli ya nyuma. Imekuwa ya katikati bila kuigeuza. Fiat walifanya hivyo kwa X1/9 ya mwaka 1972 wakitumia mashine ya Fiat 128, na Toyota wakafanya hivyo kwa MR2 ya mwaka 1984. Usishawishike kuizungusha injini nusu duara ili upate nafasi. Ukiigeuza, magurudumu yatazunguka kinyume: utakuwa na gia tano za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele.

Kutoka kwenye gari hilo chukua injini na gia boksi, maunti (vishikio) zake tatu za mpira, draivushafti zote mbili, nako za mbele (kile kipande cha chuma kinachobeba beringi na habu), loa amu (mikono ya chini ya sasipenshi), shokapu za mbele, kalipa za breki, stering raki (baa yenye meno inayokata magurudumu kulia na kushoto), pedali, waya zote na kompyuta ya injini. Usikate waya hata mmoja, hata kama hujui kazi yake. Kisha tafuta seti ya pili ya nako, loa amu, shokapu na kalipa za mbele kutoka Probox nyingine, kwa ajili ya mbele ya gari lako. Zile za kwanza zinakwenda nyuma na injini.

Nako za mbele ya gari lako hazitakuwa na draivushafti, na hapa watu wameharibu beringi nyingi. Beringi ya habu hii inabanwa na kile kichwa cha sivi-jointi (kiungo kinachopinda mwishoni mwa draivushafti) kinachopita katikati yake na nati yake kubwa. Ukikiondoa, hakuna kinachobana beringi, nayo itaachana ukiwa kwenye kona. Chukua sivi-jointi za nje zilizochakaa, zifungue, ubakize kile kikombe chenye shafti fupi, ukirudishe ndani ya habu na kukaza nati kwa kipimo cha kiwandani.

Dereva wa mbao

Tafuta ubao wa plaiwudi wa mita 2.4, uulaze sakafuni, na juu yake funga kiti halisi, pedali halisi na usukani halisi. Mketishe dereva mrefu kuliko wote watakaoliendesha gari, akiwa amevaa kofia ya mbio na viatu vyake. Mgongo uegemee nyuma kama digrii 30 kutoka wima. Akiwa amekanyaga klachi hadi mwisho, goti libaki limekunjika kidogo. Mkono ukinyooshwa juu ya usukani, kifundo cha mkono kiguse ukingo wake bila bega kuachana na kiti.

Pima kila kitu na uandike: upana wa mabega na viwiko wakati wa kukata usukani, kimo cha magoti, kimo cha juu ya kofia. Nyayo zake, pedali zikiwa zimekanyagwa mwisho, zibaki nyuma ya mstari wa katikati ya magurudumu ya mbele. Kanuni nyingi zinadai hivyo. Hata zisipodai, hilo ndilo linaloiokoa miguu ya mtu anapougonga ukingo.

Stering raki ya Probox inakaa nyuma ya ekseli, na kwenye gari letu inapita palepale miguu inapopita. Nimeona watu wakiinyanyua ili miguu ipite chini yake, na gari likawa linajikata usukani lenyewe kila lipitapo kwenye tuta. Kimo cha raki kinaamuliwa na loa amu: ncha za ndani za tairodi (vijiti vinavyounganisha raki na nako) zikae pale zilipokuwa kwenye Probox ukilinganisha na bushi za loa amu. Pima vipimo hivyo gari la kuchinja likiwa bado zima, kwa timazi na rula, kabla ya kufungua chochote. Miguu ndiyo itakayopita juu ya raki, na sakafu ya pedali ipande kidogo kama italazimu.

Mizani kabla ya mchoro

Peleka injini na gia boksi kwa wauza chuma chakavu uvipime kwenye mzani wao. Pima na magurudumu, tenki, betri, rejeta, na dereva mwenyewe. Chagua umbali kati ya ekseli mbili; kwangu ni milimita 2,350. Kisha zidisha uzito wa kila kitu kwa umbali wake kutoka ekseli ya mbele, jumlisha, ugawanye kwa uzito wote.

Kwa mfano: sehemu za mbele pamoja na magurudumu kilo 90 kwenye sifuri, rejeta na betri kilo 30 zikiwa milimita 100 mbele ya ekseli, dereva kilo 75 kwenye 1,000, fremu na kiti kilo 110 kwenye 1,250, tenki lenye petroli kilo 25 kwenye 1,600, injini na gia boksi kilo 140 kwenye 2,050, sehemu za nyuma kilo 110 kwenye 2,350. Jumla ni kilo 580, na kitovu cha uzito kinaangukia milimita 1,371 nyuma ya ekseli ya mbele. Gawanya kwa 2,350: asilimia 58 ya uzito iko nyuma. Hapo pazuri. Ikizidi 62, sogeza betri na rejeta mbele zaidi, au mvute dereva mbele kama miguu inaruhusu.

Hesabu hiyo haichukui hata saa moja. Ikiachwa, gari likikamilika halina dawa.

Kuchora mabomba

Fundi wa paa anaijua siri yote ya chasisi. Itazame kenchi: ni pembetatu tupu. Funga vijiti vinne kuwa mraba kwa msumari mmoja kila kona, sukuma upande, unalala. Ongeza kijiti cha tano kutoka kona hadi kona, haulali tena. Bomba la pembetatu linavutwa au linasukumwa kwa urefu wake, na chuma chembamba kina nguvu ya ajabu kikivutwa hivyo. Bomba lililobebeshwa mzigo katikati yake linapinda kama ufito uliokanyagwa.

Kwa hiyo kanuni ni moja. Kila mzigo uishie kwenye fundo, yaani pale mabomba yanapokutana. Bushi mbili za kila loa amu, kichwa cha kila shokapu, maunti tatu za injini, ncha za mikanda ya dereva: ziweke zote kwenye karatasi kama nukta kwanza, bila bomba hata moja. Kisha unganisha nukta. Bomba lisilounganisha mizigo miwili, au lisilofunga pembetatu, lifute.

Ukishachora, tengeneza mfano kwa vijiti vya mishikaki na gundi, kipimo cha moja kwa tano. Ushike mbele na nyuma, usokote. Macho yako yatakuonyesha panapolegea kuliko programu yoyote ya kompyuta niliyowahi kuitumia. Nilitumia jioni tatu kwenye mfano wa gari langu la pili na nikaondoa mabomba sita yaliyokuwa kwenye mchoro bila kazi.

Sehemu mbili zitailegeza chasisi. Ya kwanza ni pale dereva anapoingilia, kwa sababu huwezi kupitisha bomba kifuani mwake. Chukua boksi la viatu lisilo na kifuniko ulisokote, kisha ulifunike, uligundishe na kulisokota tena, utaona tofauti. Kwa kuwa kifuniko hatuna, tunafanya kuta za pembeni ziwe ndefu, milimita 300 au zaidi, kila ukuta na mshazari wake, na sakafu tunaifunga kwa bati la milimita 1.2 lililochomelewa kwa vipande kuzunguka ukingo wote. Mbele ya magoti unaweka tao la bomba linaloshika usukani, na nyuma ya kiti tao kuu la kumkinga dereva. Matao hayo mawili, yakiungwa pembeni, ndiyo yanayorudisha ugumu.

Chumba cha injini

Sehemu ya pili ni hii, na naiandikia zaidi kwa sababu chasisi yangu ya kwanza ilifia hapa. Nyuma ya kiti kuna boksi kubwa tupu linalongoja injini. Fundi anaogopa kuziba juu kwa kuwa injini itatokea wapi siku ya kubadilisha klachi? Anaacha wazi juu, wazi chini, na loa amu za nyuma zinaning'inia kwenye mabomba mawili marefu yasiyoshikwa na kitu. Gari langu lilikuwa linakwenda vizuri sana kwenye mstari mnyoofu. Kwenye kona mkia ulikuwa unafanya kitu tofauti kila mzunguko, na mimi nikabadilisha springi na matairi kwa miezi kadhaa nikitafuta kosa lililokuwa kwenye chuma.

Suluhisho ni kuamua tangu mwanzo injini itatoka upande gani. Mimi huitoa kwa chini. Maunti za injini na bushi za loa amu zote zinakaa kwenye fremu ndogo ya skwea paipu ya 40 kwa 40, unene wa milimita 3, inayofungwa kwenye chasisi kwa bolti sita za M12 za daraja 10.9. Ukitaka injini, unainyanyua chasisi kwa winchi na kuiacha fremu ndogo chini pamoja na magurudumu. Juu sasa unaweza kufunga mishazari ya kudumu, kutoka vichwa vya shokapu hadi kwenye tao kuu, na bomba moja kati ya kichwa cha shokapu cha kulia na cha kushoto.

Anayetaka kuitolea juu aweke mishazari ya kufungulika. Ncha zake ziwe na bushi za chuma zilizochomelewa ndani ya bomba, ili bolti ikikazwa isilibonyeze, na tundu libane bolti bila mchezo. Mchezo wa nusu milimita kwenye mshazari ni sawa na kutokuwa nao.

Usizidharau nguvu zinazoikumba maunti. Kwenye gia ya kwanza, torki ya injini, yaani nguvu yake ya kuzungusha, inazidishwa na gia na difu hadi kati ya mara 12 na 15, na nguvu yote hiyo inajaribu kuizungusha injini ndani ya chumba chake. Maunti ile inayozuia mzunguko ifungwe kwenye fundo lenye mabomba matatu au zaidi.

Nako za nyuma zina mikono ya usukani. Kila mkono unapata tairodi yake, na ncha ya ndani inafungwa kwenye sikio lililochomelewa kwenye fremu ndogo, palepale ambapo ncha ya raki ingekuwa. Urefu wa tairodi na kimo cha sikio vikikosewa, gurudumu la nyuma litajikata kila likipanda na kushuka. Kabla ya kuchomelea sikio hilo moja kwa moja, ondoa springi, panda na shusha gurudumu kwa jeki milimita 60 kila upande, na upime kwa rula mbili ndefu zilizofungwa kwenye habu. Sogeza sikio juu au chini hadi tofauti ishuke chini ya milimita moja. Kazi hii inaweza kula siku nzima.

Chuma cha kununua

Kwa fremu: skwea paipu nyeusi ya 25 kwa 25, unene wa milimita 1.6, ambayo dukani utasikia ikiitwa geji 16. Ina uzito wa karibu kilo 1.2 kwa mita, na utahitaji mita 50 hivi. Nenda na venia, kile kipimo cha unene. Mabomba mengi yanayouzwa kama geji 16 ni membamba kuliko hapo, na huwezi kujua kwa kutazama. Yaliyopakwa zinki usiyachukue: moshi wake unakuletea homa, na ungio linakuwa na matundu.

Kwa kinga ya dereva usitumie bomba la maji wala la fensi, hata likionekana nene. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinataka chuma cha kaboni kisicho na mshono, kilichovutwa kikiwa baridi, chenye nguvu isiyopungua megapaskali 350. Tao kuu liwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0. Mabomba mengine ya kinga yawe 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2.0. Kona inapopindwa, nusu kipenyo cha mpindo kwenye mstari wa katikati kisipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba, na bomba lisijikunje wala kubonyea. Usipopata chuma hicho mjini kwako, agiza na ungoje. Hii ndiyo sehemu moja ya gari ambayo sikubali ibadilishwe kwa kilichopo.

Meza na kupiga bandi

Huwezi kujenga chasisi iliyonyooka juu ya sakafu iliyopinda. Tafuta mihimili miwili ya chuma ya mita 3, uiweke juu ya matofali na uisawazishe kwa mpira mwembamba wa maji ulio wazi, kama mafundi wa msingi wanavyofanya. Mpira huo ni sahihi kuliko pima maji fupi. Piga mstari wa katikati kwa chaki na kamba, na vipimo vyote vitoke kwenye mstari huo, kamwe visitoke bomba hadi bomba.

Anza na sakafu. Kata, chonga kwa tupa hadi pengo kati ya bomba na bomba lisizidi milimita moja, panga mezani, ubane. Bomba la duara linalokutana na jingine lichongwe mdomo wake ulikumbatie lenzake. Kata kwanza kwa karatasi, zungushia, chora. Pima pembe kwa 3-4-5, kisha pima mishazari yote miwili kutoka kona hadi kona. Ikilingana ndani ya milimita moja, piga bandi, kama fundi cherehani anavyoshikiza nguo kabla ya kuishona. Mafundi wa kuchomelea wanaita kupiga doti: nukta mbili ndogo kila ungio, pande zinazotazamana. Endelea na kuta, matao, chumba cha injini, hadi chasisi nzima isimame kwa bandi. Hapo weka kiti, dereva, injini, magurudumu. Vyote vitoshee. Kila kosa unaloliona siku hiyo linaondolewa kwa grainda kwa dakika mbili.

Kuchomelea

Mashine ya waya, MIG, yenye waya wa milimita 0.8 ndiyo rahisi zaidi kwa unene huu. Mwenye mashine ya vijiti peke yake atumie E6013 ya milimita 2.0 na afanye mazoezi kwenye vipande vya bomba lilelile. Vivunje kwa nyundo baada ya kuchomelea. Kama ungio limeachia kwenye mshono, hujawa tayari. Linapaswa kupasuka au kupinda kwenye bomba pembeni.

Safisha chuma hadi king'ae, milimita 20 kutoka kwenye ungio. Kisha chomelea kwa vipande vifupi, sentimita mbili au tatu, na kuruka: mbele kulia, nyuma kushoto, juu, chini. Chuma kinachopoa kinavuta. Mara yangu ya kwanza nilimaliza upande wote wa kushoto mchana mmoja, nikafurahi, na asubuhi nyuma kulikuwa kumevutwa milimita tisa. Nilikata viungio kumi na nne. Sasa napima mishazari kila baada ya saa moja na chasisi inabaki imebanwa mezani hadi ipoe kabisa. Usiisage mishono ili ipendeze, kwa sababu unaondoa nguvu.

Masikio ya sasipenshi yawe ya bati la milimita 3, mawili kila bolti, ili bolti ishikwe pande zote mbili. Bolti ziwe M12, daraja 8.8 kwenda juu, na sehemu yenye nyuzi isikae ndani ya sikio. Bomba la kufungia mikanda ya mabega likae nyuma ya kiti usawa wa mabega au chini kidogo, mikanda isishuke zaidi ya digrii 20. Kati ya kofia ya dereva na mstari unaounganisha juu ya tao kuu na juu ya tao la mbele kubaki angalau milimita 50.

Mishono yote ikiisha, ipake mafuta ya taa upande mmoja na chaki iliyolowa upande wa pili pale panapofikika. Chaki ikikauka na mafuta yakajitokeza kama mstari mweusi, pana ufa.

Kuisokota

Jaribio hili watu hulikwepa, nami nalithamini kuliko yote. Funga nyuma ya chasisi kwenye meza, kwenye vichwa vya shokapu. Mbele, weka egemeo moja katikati, na ufunge mwamba wa chuma unaotokeza pembeni mita 1.5 kutoka katikati. Ning'iniza kilo 60 nchani, mfuko wa saruji wa kilo 50 na kilo 10 za nondo. Torki ni karibu Nm (nyutoni-mita) 883. Weka rula mbili wima mbele, kila moja milimita 500 kutoka katikati, usome upande mmoja umeshuka kiasi gani na mwingine umepanda kiasi gani. Jumla ikiwa milimita 5, chasisi imesokoteka digrii 0.29, sawa na Nm 3,080 kwa digrii. Kwa gari la kilo 580 naridhika na 3,000. Chini ya 2,000 usipake rangi. Rudi uchunguze chumba cha injini, ongeza mshazari mmoja kwa bandi, sokota tena.

Yaliyobaki

Breki: zote nne ni za mbele ya Probox, lakini usizigawe sawa. Ukifunga breki kwa nguvu kwenye changarawe kavu, karibu kilo 90 zinahamia mbele, na magurudumu ya mbele yanabeba asilimia 57 ya uzito. Weka masta silinda mbili na baa ya kurekebisha mgawanyo wa breki, anza na asilimia 60 mbele. Nyuma ikitangulia kujifunga, gari litazunguka.

Springi za mbele za Probox ziende nyuma na injini yao. Mbele zitakuwa ngumu mno kwa gari lililobaki na kilo 242 tu huko.

Rejeta ikae mbele na mabomba yake yapite nje ya chumba cha dereva, maana maji ya digrii 95 hayapaswi kuwa karibu na paja la mtu. Weka kituo cha kutolea hewa pahali pa juu kabisa pa mzunguko. Tenki likae nyuma ya kiti, na kati yake na dereva ukuta wa chuma usio na tundu hata la waya. Waya zipite kwenye mpira uliobana.

Rangi iwe ya kijivu hafifu juu ya redi oksaidi. Nyeusi inapendeza ila inaficha nyufa. Ziba ncha zote za mabomba, hasa ukiishi Tanga au Mombasa, kwani kutu ya pwani inakula kutoka ndani.

Siku ya kwanza endesha bila bodi, uwanja mpana, mwendo wa kilomita 20 kwa saa, na mtu mwenye kizima moto kando. Piga alama ya rangi kila bolti baada ya kuikaza. Baada ya dakika kumi simama, lala chini na tochi, tafuta alama zilizohama. Kaza, ongeza hadi 40, simama tena. Baada ya kilomita 50 ondoa magurudumu yote na ukague kila sikio la sasipenshi kwa macho na kidole, ukianzia na yale ya tairodi za nyuma.